Kumwandika Mama Mboga kwa Kiingereza ni Kumsengenya

Wasee, leo nitakosana na marafiki. Nishajua komenti zitakavyokuja, na najua kuna mtu ataacha kunifuata kabla hajafika aya ya tatu. Sawa tu, mlango uko wazi. Lakini hii kitu imenikaa kooni na lazima niiteme.

Sisi waandishi chipukizi wa Nairobi tunasengenya watu.

Siongelei udaku wa mastaa. Naongelea hadithi fupi, insha na mashairi: zile tunazotuma kwa majarida ya mtandaoni, tunazosomea watu jioni kwenye maiki, tunazoshindania tuzo nazo. Chukua yoyote iliyoandikwa na mtu wa rika letu. Ndani utampata mama mboga, konda, soja wa geti, dada wa kazi, msee wa mjengo, shosho wa ocha. Wanapenda, wanaumwa, wanafungiwa nyumba na landilodi, wanazika watoto. Halafu wote, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, wanaongea Kiingereza. Na si kile cha mtaani kilichochanganywa na kila kitu. Ni Kiingereza kilichopigwa pasi.

Sasa, kumzungumzia mtu mbele ya wengine, kwa namna ambayo yeye hatakusikia wala hatapata nafasi ya kukujibu, Kiswahili kina neno lake. Kusengenya. Haijalishi kama unamsifu. Haijalishi kama ulilia ukiandika. Hata msengenyaji hulia saa zingine.

Mimi naishi Lavington. Kabla mnirukie, ni DSQ: kile chumba cha nyuma kilichojengewa mfanyakazi, ambacho siku hizi tunakodishiwa sisi wenye anwani kubwa kuliko mfuko. Lakini hapa hii shida unaiona kwa macho. Asubuhi, kabla jua halijakolea, Gitanga Road inajaa watu wanaotembea kutoka Kawangware: kina mama wa kufua, mafundi, masoja wa zamu ya mchana, vijana wa kukata nyasi. Jioni wanarudi vilevile, kwa miguu. Njia nzima ni Kiswahili na Sheng, na Kiluhya au Kikamba mtu akipigiwa simu na watu wa nyumbani. Wakishaingia ndani ya mageti yetu, wanageuka kuwa wahusika.

Kuna jioni moja ya mashairi nilienda huku kwetu. Ukumbi sitautaja, na aliyesoma sitamtaja, kwa sababu kosa si lake peke yake. Tiketi ilikuwa elfu moja mia tano. Dada mmoja akapanda na shairi kuhusu soja wa usiku: baridi, rungu, redio ndogo, watoto walioachwa ocha. Shairi lilikuwa kali, sidanganyi. Mahali fulani watu wakacheka, mwisho wakasimama kupiga makofi. Na muda huo wote soja mwenyewe alikuwa hapo getini, hatua kama ishirini kutoka kwa maiki, akifungulia magari. Spika zilikuwa kubwa, kila neno lilimfikia. Nikitoka akaniuliza, kwa upole tu, "Leo walikuwa wanacheka nini?"

Nikamweleza shairi kwa Kiswahili. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Redio siku hizi haturuhusiwi." Basi. Kwenye ule umati wote, mtu pekee aliyekuwa na la kusahihisha ndiye hakuwa amealikwa kusikiliza.

Hii tabia tulijifunzia wapi? Shule, kwanza. Wengine wetu tulivaa diski, kile kibao unachoning'inizwa shingoni ukishikwa ukiongea lugha ya nyumbani au Sheng. Jioni ikifika na bado uko nacho, unachapwa. Mtoto akipitia hayo miaka kadhaa hahitaji tena kuambiwa ni lugha gani ya watu wa maana. Anajua. Akikua akashika kalamu, mkono wenyewe unakimbilia Kiingereza, hata kama kichwani alikuwa anamsikia mathe wake akimfokea kwa Kiswahili.

Halafu kuna tuzo. Ile ya Caine, ya Uingereza, ilianza 2000, inampa mshindi pauni 10,000, na inaangalia hadithi fupi zilizochapishwa kwa Kiingereza. Wakenya watano wameshaibeba: Binyavanga Wainaina mwaka 2002, Yvonne Adhiambo Owuor 2003, Okwiri Oduor 2014, Makena Onjerika 2018, Idza Luhumyo 2022. Hao ni watu wetu na kazi zao ziko juu. Asije mtu hapa kuniambia nina wivu. Binyavanga alitoka na ushindi wake akaanzisha Kwani?, toleo la kwanza likatoka 2003, na jarida hilo likaifungulia Sheng mlango wakati shuleni watoto walikuwa bado wanachapwa kwa sababu yake. Makena alipowaandika wasichana wa mitaani, alikipinda Kiingereza hadi kikasikika kama Nairobi. Yaani hata wao walijua hicho kiatu kinabana mahali. Sisi tuliokuja nyuma yao tumekiona kile kikombe, tukasahau kiatu.

Na Binyavanga huyohuyo ndiye aliyeandika ile insha ya kejeli kwenye Granta mwaka 2005, akiwacheka wageni wanaoandika Afrika kana kwamba Mwafrika hatawahi kuisoma. Tunaipenda sana hiyo insha. Tunaisambaza kila mwaka na vile viemoji vya kucheka. Sasa niambie: wewe unayeandika Kawangware kana kwamba mtu wa Kawangware hatawahi kusoma, na yule mgeni, mna tofauti gani? Pasipoti?

Utaniambia, tulia, kazi nzuri itatafsiriwa. Haya. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliandika Paradise mwaka 1994. Wahusika wake ni watu wa pwani na bara ya Tanganyika, watu ambao Kiswahili ndio hewa yao. Riwaya hiyo ilikuja kusomeka kwa Kiswahili 2022, kwa jina la Peponi, ilipotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota. Piga hesabu: miaka 28. Na ilibidi kwanza, mwaka 2021, ashinde Nobel. Wewe na hadithi yako moja ya jarida la mtandaoni, unamngoja nani akutafsiri?

Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine, na hapa naomba tuache mzaha.

Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa Petals of Blood kwa Kiingereza, riwaya inayowavua nguo matajiri wapya wa Kenya huru. Hakufungwa kwa hiyo. Mwaka huohuo, yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakatunga Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu, ikachezwa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, na wakulima na wafanyakazi wenyewe. Serikali ikaipiga marufuku baada ya wiki chache. Mwisho wa Desemba polisi wakamfuata nyumbani, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi. Hapo Kamiti ndipo aliandika Caitaani Mũtharabainĩ kwenye karatasi ya choo. Mwandishi ni yuleyule, nchi ni ileile, mwaka ni uleule, hasira ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii waliosimuliwa walisikia. Wenye nguvu walielewa siasa ya lugha mbele ya waandishi wengi, na ninaogopa bado wanaielewa kutuliko.

Kama 1977 ni mbali, rudi Juni 2024. Mswada wa Fedha uliandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kurasa kibao, ili mtu achoke kabla hajaelewa. Vijana wakaukalia. Wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha za nyumbani, wakaueleza kwa Sheng kwenye TikTok na vikundi vya WhatsApp, hadi muuza chai akajua kuna VAT ya asilimia 16 inaujia mkate wake. Tarehe 25 Juni mnajua kilichotokea, mnajua pia nani hawakurudi nyumbani. Kesho yake rais akasema hatausaini. Hakuna aliyetuuliza siku hizo kama Kiswahili chetu ni sanifu. Hakuna aliyesema Kiswahili hakina soko.

Sasa mashairi na hadithi za Juni 2024 zinaendelea kutoka. Nyingi ninazokutana nazo ni za Kiingereza. Mtoto aliuawa barabarani akiimba kwa Kiswahili, na maombolezo yake yako kwa lugha ambayo nyanyake ataisomewa na mtu mwingine, akipata mtu. Hapo ndipo nilikasirika. Barabarani tuliongea na nchi. Tukifika kwa laptopu tunaongea na jaji.

Haya, tuende kwa majibu yenu, maana nayajua.

La kwanza: "Unamdharau mama mboga. Amemaliza fomu foo, Kiingereza anasoma." Kweli kabisa, wengi wanasoma, na wengine wanakiandika kunishinda. Lakini swali langu si kama anaweza. Swali ni angesoma nini saa nne usiku, ameshahesabu pesa za siku, miguu iko juu ya stuli, simu mkononi. Kiingereza cha fomu ya hospitali na barua ya shule amekisoma mchana kwa sababu ya lazima. Usiku anataka raha. Hadithi yako iko upande gani?

La pili: "Kiswahili hakina wasomaji." Damu Nyeusi, Tumbo Lisiloshiba, Mapambazuko ya Machweo. Najua umeshtuka, umekumbuka mwalimu wa Kiswahili. Hizo ni diwani za hadithi fupi, na kila moja ilipokuwa kitabu cha lazima ilisomwa na nchi nzima ya vijana. KCSE ya 2023 peke yake ilikuwa na watahiniwa karibu laki tisa, na Kiswahili ni somo la lazima. Hakuna mwandishi wa hadithi fupi za Kiingereza Kenya mwenye umati huo. Tanzania nako, watu wanaandika simulizi kwa vipande Facebook na WhatsApp, sehemu ya kwanza bure, ukitaka kujua kama Bi harusi alikufa unatuma pesa kwa simu. Na watu wanatuma! Wasomaji wapo. Sisi ndio tumewakimbia.

La tatu: "Kiingereza pia ni lugha yangu, nilizaliwa nacho." Kama unaota kwa Kiingereza na mathe wako alikubembeleza kwa Kiingereza, andika, bana, hii posti si yako. Andika Lavington ya ndani ya geti, na sisi tutaisoma, tunataka kujua huko ndani kunaendelea nini. Ugomvi wangu ni na msee anayeongea Sheng siku nzima, anakatia mrembo kwa Sheng, analia kwa Kiswahili, halafu akifungua ukurasa mtupu anageuka mtangazaji wa BBC.

La nne ndilo la ukweli, na huwa mnalisema kwa sauti ya chini: "Kiswahili changu ni kibovu."

Hapo sina hasira na wewe. Hasira yangu inahamia kwa wale waliokufanya useme hivyo. Kuna watu Kenya wamejiweka walinzi wa Kiswahili, na kazi yao ni kukaa na kalamu nyekundu wakisubiri uteleze. Umeandika "hii kitu"? Alama imekatwa. Umechanganya Sheng? Umeharibu lugha. Wametufundisha hadithi fupi kama maiti ya kupasuliwa: taja maudhui, eleza dhamira, jadili sifa za mhusika, alama ishirini. Mtu akimaliza mtihani wa mwisho anafunga kitabu cha Kiswahili na hakifungui tena maisha yake yote. Na mlinzi anashangaa kwa nini vijana hawasomi!

Kwa hao walinzi nina mambo matatu. Moja, hicho sanifu hakikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1928 kikao cha wakoloni kilikaa Mombasa kikachagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya shule na vitabu. Kimvita, lugha ya mji huohuo waliokalia viti vyake, kikaachwa nje. Mbili, Muyaka bin Haji, aliyekufa 1840, anasifiwa hadi leo kwa kulitoa shairi kwenye mambo ya dini pekee na kulipeleka mtaani: siasa za Mombasa, mapenzi, njaa, majibizano. Alitumia lugha ya mji wake. Tatu, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyo na vina wala mizani, wazee wa ushairi walimshukia kama mwewe. Leo hiyohiyo mnaifundisha. Kwa hivyo msituambie lugha ya Kawangware haiwezi kubeba fasihi. Mngoje miaka hamsini mtaitungia maswali.

Na tuseme ukweli: hata pale Kiswahili kinapotuzwa, tumelala. Tuzo ya Mabati-Cornell ya fasihi ya Kiswahili ilianzishwa 2014, na washindi wengi wametoka Tanzania. Wakenya kama Jacob Ngumbau Julius, aliyeshinda kwa mashairi mwaka 2018, ni wachache. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha saba, inasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa. Kila tarehe 7 Julai viongozi wanasoma hotuba za Siku ya Kiswahili. Halafu nenda utafute jarida la hapa Nairobi litakalomlipa mtoto wa miaka kumi na tisa kwa hadithi fupi ya Kiswahili isiyo ya shule. Utatembea hadi viatu viishe.

Isiseme mtu kwamba haiwezekani kubadilisha mambo. Mwaka 2016 vijana wa Jalada, hapahapa, walichukua hadithi moja ya Ngũgĩ aliyoiandika kwa Kikuyu, Ituĩka Rĩa Mũrũngarũ, wakaitoa mtandaoni na tafsiri zaidi ya thelathini. Baadaye zikapita mia. Hawakuwa na wizara. Walikuwa na marafiki wenye lugha tofauti na muda wa kujitolea.

Kwa hivyo naomba vitu vitatu, na si vikubwa.

Wenye jioni za mashairi: nusu ya maiki iwe ya Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani. Si ile dakika moja ya mwisho ya kuchangamsha watu. Nusu. Na mwachie soja, mpishi na dada wa kuosha glasi waingie waketi bila tiketi usiku ambao shairi linawahusu.

Wahariri wa majarida: fungueni ukurasa wa Kiswahili, mlipe bei ileile mnayolipa Kiingereza. Msituambie tuweke maelezo ya maneno mwishoni. Jarida moja liliwahi kunirudishia hadithi likitaka nieleze "sukuma wiki" ni nini. Msomaji wa Nairobi anajua. Asiyejua ana intaneti.

Na wewe unayeandika: hadithi yako inayofuata, kabla hujaituma popote, msomee mtu aliye ndani yake. Kama ni konda, msomee konda. Kama ni mathe wako, msomee jikoni akikatakata vitunguu. Ukiona unaanza kutafsiri ukisoma, umejua uliiandikia nani. Na akikukatiza kukwambia "hapana, haikuwa hivyo", usikasirike. Chukua kalamu. Huyo ndiye mhariri ambaye hakuna chuo kitakupa.

Mimi naanza. Kila Ijumaa, hapa kwangu, nitaposti hadithi fupi moja au shairi moja la msomaji, Kiswahili au Sheng, maneno yasiyozidi mia nane. Sitarekebisha Sheng ya mtu. Nitauliza swali moja tu: nani ameshasomewa? Inboksi iko wazi.

Na mkija kunitusi kwenye komenti, nitusini kwa Kiswahili. Mathe wangu husoma hizi posti, na yeye pia ana majibu.